Baiskeli ya Wote, Amana ya Kila Mmoja



Kila unapowadia wakati wa likizo, nyumba zetu hapa London hujaa wageni. Yuko anayetoka Maskati, yuko anayetoka Mombasa, na wako watoto wa ndugu zetu walioko Toronto na Minneapolis, ambao sentensi wakiianza kwa Kiswahili huimalizia kwa Kiingereza. Wote huuliza swali moja: mji huu tutauonaje? Nasi wenyeji, kwa mazoea, huwapeleka chini ya ardhi. Huwashusha katika treni, wakatokea shimo hili na kuingia shimo lile, hata wakarejea makwao wakiwa wameviona vituo kumi vya treni na mji wenyewe hawakuuona.

Katika toleo hili tumeona tuwaelezee wasomaji wetu njia nyingine, iliyo nyepesi kwa mfuko na yenye manufaa kwa mwili. Nayo ni zile baiskeli nyekundu za kukodi, zilizopangwa kando ya barabara nyingi za katikati ya mji. Wengi wetu huzipita kila siku tukienda kazini, tukadhani kwamba ni za watalii au za mabwana wa maofisini. Sivyo hivyo. Ni za kila mwenye kadi ya benki anayejua kuendesha.

Kukodi baiskeli si jambo geni kwetu. Sisi tuliokulia Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa tunamkumbuka fundi baiskeli aliyekaa chini ya mwembe, na Raleigh na Phoenix zake zimeegemezwa ukutani. Mtoto alikwenda na senti zake, akapewa baiskeli kwa nusu saa au kwa saa nzima, akazunguka nayo mtaani, naye fundi akiitazama saa yake. Hapakuwa na kadi wala mkataba. Dhamana ya fundi ilikuwa ni jina la baba yake yule mtoto. "Wewe si mtoto wa fulani?" Jina likishatajwa, basi. Mtoto akichelewa, au akiirudisha baiskeli na njiti za gurudumu zimekatika, habari zilifika nyumbani kabla yake. Baiskeli ile ililindwa na kujuana. Tunaomba wasomaji waliweke neno hili akilini, kwa sababu tutalirejea.

Watu wa Ulaya nao walianza kwa kuaminiana. Mwaka 1965, katika mji wa Amsterdam, kikundi cha vijana kilichojiita Provo kilizipaka baiskeli rangi nyeupe na kuziacha barabarani bila ya kufuli, ili kila mwenye haja apande, afike aendako, kisha amwachie mwenziwe. Polisi wakazikamata, kwa hoja kwamba sheria ilikataza kuacha baiskeli isiyofungwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1995, mji wa Copenhagen uliingia katika jambo hilo kwa mpango mwingine: baiskeli ilifunguka kwa sarafu ya kroner 20, na mtu alipoirudisha, sarafu yake nayo ilirudi. Lakini sarafu haina jina la mwenyewe. Aliyekuwa radhi kuipoteza sarafu yake aliweza kupotea na baiskeli pia. Kilichoyageuza mambo ni kadi inayomtambulisha aliyechukua, na mpango wa namna hiyo ulienea sana baada ya Lyon kuanza mwaka 2005 na Paris mwaka 2007.

London ilifuata tarehe 30 Julai 2010, ikiwa na baiskeli 5,000 na vituo 315. Zilikuwa za rangi ya buluu, zikibeba jina la benki iliyotoa fedha za udhamini. Mwaka 2015 zikawa nyekundu kwa jina la benki nyingine, Santander. Watu wa mitaani walizibandika jina la Meya Boris Johnson kwa kuwa zilizinduliwa katika zama zake, ingawa mipango yake ilianza chini ya Meya Ken Livingstone aliyemtangulia. Ndivyo ilivyo dunia: mmoja hupanda mnazi, mwingine akanywa dafu.

Kuzitumia hakuna ugumu. Mtu hujiandikisha kwa programu ya simu, hulipa kwa kadi ya benki, kisha hupewa namba ya siri yenye tarakimu tano, ambazo zote ni 1, 2 na 3 tu. Kila baiskeli imeshikwa na nguzo fupi yenye vitufe vitatu. Bonyeza namba yako, na taa ya kijani ikiwaka, ivute baiskeli nyuma kwa nguvu. Usishangae uzito wake, maana inakaribia kilo 23. Haikuundwa kwa mashindano bali kwa kustahimili mvua na mikono ya watu wengi. Ina gia tatu, kengele, na taa mbele na nyuma ambazo huwaka zenyewe. Mti wa kiti umeandikwa namba, ili mtu akishaijua namba inayomfaa asihangaike siku ya pili. Kabla ya kuondoka, jaribu breki zote mbili, bonyeza matairi, tikisa usukani. Ukiona kasoro, irudishe pale pale, ubonyeze kitufe cha kutoa taarifa ya ubovu, uchukue nyingine.

Ama bei, imebadilika mara kadhaa. Mwaka 2010 mtu alilipa pauni 1 kwa siku nzima, na kila safari isiyozidi nusu saa ilikuwa bure. Mwaka 2013 ile pauni 1 ikawa 2. Mwezi wa Septemba 2022 utaratibu huo ukaondolewa, na safari moja ikawekwa pauni 1 na peni 65 kwa kila nusu saa, na kwa wanaotumia mara kwa mara kukawa na malipo ya mwezi au ya mwaka. Bei hupanda kama kila kitu kinavyopanda, kwa hivyo itazame kwanza kabla ya kuchukua. Lakini kanuni ya kukumbuka ni ile nusu saa: ikipita, hata kwa dakika moja, unahesabiwa nusu saa nyingine.

Anayekodi lazima awe ametimiza miaka 18, na anayepanda asiwe chini ya miaka 14. Mzee mmoja aweza kukodi hadi baiskeli nne kwa kadi yake, kwa hivyo baba au mama anaweza kutoka na vijana wake watatu. Ajue tu kwamba mbele ya kampuni yeye ndiye mwenye kuulizwa juu ya zote nne.

Sasa tuielezee safari yenyewe. Jumapili moja ya kiangazi tulitoka watu wanane wa nyumba tatu, wazee kwa vijana, pamoja na wageni wawili kutoka ng'ambo. Tulikutana karibu na Msikiti wa East London katika barabara ya Whitechapel, msikiti uliofunguliwa mwaka 1985 na unaojulikana na kila Muislamu wa upande huu wa mji. Tuliwashauri wageni wachague asubuhi ya Jumapili kwa makusudi. Saa za asubuhi siku hiyo malori ni machache, na mji bado unapiga miayo.

Kutoka Whitechapel hadi Aldgate pana njia ya baiskeli iliyotengwa na magari kwa ukingo. Mtu anayepita leo huiona ni kitu cha kawaida, lakini ukingo ule una historia ya huzuni. Zamani palikuwa na rangi ya buluu tu iliyopakwa juu ya lami, na rangi haimzuii dereva. Mwezi wa Julai 2013, karibu na Aldgate East, mwanafunzi mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli ya kukodi aligongwa na lori akafa. Huyo alikuwa mtu wa kwanza kufa akiwa juu ya baiskeli hizi tangu zianze. Watu wa baiskeli walikuwa wakidai njia zilizotengwa, na baada ya msiba huo kilio chao kikazidi, hata njia hii ikajengwa upya na kukamilika mwaka 2016. Tulipofika pale tulipunguza mwendo, tukawaeleza vijana habari hiyo. Kijana anayejua kwa nini ukingo umewekwa hauruki.

Kutoka Aldgate tuliteremka hadi Tower Hill, kwenye ngome ya kale, tukaingia katika njia ndefu ya baiskeli ifuatayo mto Thames kuelekea magharibi. Nayo ilifunguliwa mwaka 2016. Hadi Westminster ni kama kilomita nne na nusu, na mtu asiye na haraka huzimaliza katika nusu saa. Mwanzoni njia hupita kati ya majumba marefu ya makampuni, kivuli kikiwa kizito na upepo ukivuma kama wa kwenye uchochoro. Kisha, baada ya daraja la Blackfriars, mto hufunguka upande wa kushoto, na hapo wageni wetu walianza kuachia kengele zao bila ya sababu, kwa furaha tu.

Barabara ile ya ukingoni, iitwayo Victoria Embankment, ilifunguliwa mwaka 1870. Muhandisi wake, Joseph Bazalgette, aliijenga juu ya ardhi iliyochukuliwa kutoka mtoni, na chini yake akapitisha mfereji mkuu wa maji machafu, kwa sababu mji ulikuwa umeangamizwa na kipindupindu na uvundo wa mto. Hivyo basi, anayepita pale kwa baiskeli anapita juu ya mtaro ambao mpaka leo unaufanyia mji kazi.

Miaka mitano tu baada ya barabara hiyo kufunguliwa, yaani mwaka 1875, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alizuru mji huu, na habari za safari yake zikaandikwa kitabu kwa Kiarabu. Wazee wetu wanajua kwamba ndiye aliyewaletea watu wa Unguja maji safi ya mfereji kutoka chemchemi. Hatusemi kwamba alijifunza hilo hapa. Tunasema tu kwamba mtawala aliyeshughulika na maji ya watu wake aliuona mji ambao ndio kwanza ulikuwa umetoka kuyatengeneza yake. Watoto wetu, ambao shuleni husikia kwamba sisi tumekuja juzi, ni vyema wakijua kuwa watu wa pwani yetu waliifika London zamani.

Mbele kidogo panasimama mnara mrefu wa jiwe wenye maandishi ya Misri ya kale. Jiwe hilo lilitolewa zawadi kwa Waingereza na Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, mwaka 1819, lakini lilikaa kwao karibu miaka 60 kabla ya kuletwa, likasimamishwa hapa mwaka 1878. Kwa hiyo Sayyid Barghash hakulikuta. Sisi tulilikuta, tukaegesha miguu chini, tukanywa maji, tukaendelea.

Karibu na Westminster tulizirudisha baiskeli zile ili tupumzike, na hapo ndipo palipo na mtihani wa mpango huu. Baiskeli hairudishwi kwa kuegemezwa. Gurudumu la mbele husukumwa ndani ya nguzo kwa nguvu, na taa ya kijani huwaka. Taa hiyo ndiyo risiti. Isipowaka, saa inaendelea kuhesabu, na baiskeli ikipotea, aliyekodi aweza kutozwa hadi pauni 300. Mmoja wa vijana wetu aliisukuma yake, akageuka aende zake. Mjomba wake akamwita.

"Hebu rudi, baba. Umeiona taa?"

"Imeingia, mjomba."

"Nimekuuliza taa. Sikukuuliza kuingia."

Kijana akarudi, akaivuta, nayo ikatoka kama jino bovu. Gurudumu lilikuwa limegusa tu, halikushikwa. Akaisukuma tena kwa kifua, kijani kikawaka, na tangu hapo kila aliporudisha alisema kwa sauti, "Kijani!" hata wenziwe wakamcheka. Tunapenda kila nyumba iwe na kijana wa namna hiyo. Na endapo kituo kimejaa na hakuna nguzo iliyo wazi, usiiache baiskeli chini. Una haki ya kuomba dakika 15 za ziada bila ya malipo, uipeleke kituo cha jirani.

Tulichukua baiskeli nyingine, tukapita kando ya bustani ya St James's, kisha katika barabara ya Constitution Hill pembeni mwa kasri ya mfalme. Siku ya Jumapili barabara hiyo hufungwa kwa magari, ikawa ya waendao kwa miguu na wa baiskeli. Mwisho wake ni Hyde Park Corner, na ng'ambo yake ni bustani ya Hyde Park yenyewe, yenye njia pana, miti mikubwa na ziwa.

Hapo tulikuwa tumeagana kukutana na mmoja wa mama zetu, mzaliwa wa Wete, aliyekuja kwa basi pamoja na binti yake. Mama huyu hakuwa amepanda baiskeli tangu alipokuwa mwari, kwani siku zile msichana akishakuwa mkubwa, baiskeli ya kaka yake haikuwa tena mchezo wake. Hivi karibuni daktari alimwambia kwamba sukari yake imepanda, na kwamba dawa peke yake haitatosha asipoutembeza mwili. Alipoiona baiskeli alicheka. "Wanangu, mifupa hii mtaiokota wenyewe." Lakini akaisogelea.

Baiskeli hizi zina fadhila moja kwa wanawake wetu: hazina mti wa juu katikati, kwa hiyo mtu hana haja ya kurusha mguu. Mnyororo umefunikwa, na gurudumu la nyuma limezibwa sehemu ya juu. Hata hivyo haitoshi kutegemea hayo. Buibui refu lenye upana huweza kunaswa, na kunaswa ni kuanguka. Lililo salama ni suruali pana ndani, na vazi la juu lenye kufika magotini au lililokusanywa na kufungwa, na mtandio uliobanwa vizuri ili upepo usiufunike uso. Mama yetu alikuwa amejitayarisha hivyo tangu nyumbani, ingawa alijifanya kuwa amekuja kutazama. Binti alimshika nyuma ya kiti, wakaenda hivyo kiasi cha miti mitatu, kisha akamwachia. Alikwenda hadi ukingo wa ziwa, akasimama mwenyewe kwa breki, akageuka kututazama bila ya kusema neno. Kwa muda wa nusu saa iliyobaki hakutaka kushuka.

Wapo wanaouliza kama jambo hili linawafaa wanawake wa Kiislamu. Masharti ya sitara na heshima ni yale yale, ukiwa juu ya baiskeli, ndani ya basi au sokoni. Zaidi ya hapo kila nyumba ina mzee wake na sheikh wake wa kuulizwa. Sisi twajua tu kwamba wako wengi wanaopanda. Mwaka 2016 ilianzishwa hapa London jumuiya ya wanawake wa Kiislamu iitwayo Cycle Sisters, ambao hutoka pamoja kwa baiskeli, mwenye ujuzi akimfunza asiyejua. Na halmashauri nyingi za mji hutoa mafunzo ya baiskeli kwa watu wazima, bure au kwa malipo madogo. Anayeona haya kuanguka mbele ya wanawe aweza kujifunza kwanza kwa mwalimu.

Kutoka Hyde Park wazee walipanda basi, vijana wakaendelea kwa baiskeli kwa vijia vya ndani, tukakutana sote katika Msikiti Mkuu wa London, ulio ubavuni mwa bustani ya Regent's Park, kwa sala ya Adhuhuri. Kituo cha Kiislamu cha mahali hapo kilifunguliwa na Mfalme George wa Sita mwaka 1944, na jengo la msikiti wenye kuba la rangi ya dhahabu likakamilika mwaka 1977. Tulipomaliza sala tulikuwa na njaa ya halali, na barabara ya Edgware haiko mbali. Wasomaji wanajua yaliyobaki.

Yapo mambo ya hatari ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Hapa twaendesha upande wa kushoto kama kwetu Afrika Mashariki, lakini ndugu anayetoka Oman au Marekani amezoea kulia, na mazoea hurudi mtu anapokata kona. Usipite kamwe upande wa kushoto wa lori lililosimama kwenye taa, kwa sababu likikata kushoto dereva hakuoni. Kupanda juu ya njia ya waendao kwa miguu ni kosa la sheria. Kofia ngumu si lazima kwa sheria wala haitolewi pamoja na baiskeli, lakini mwenye nayo aivae. Na waliosema mwenda pole hajikwai walisema kabla ya baiskeli kuja, ila wamesema kweli.

Iko pia dhiki nyingine. Jamaa zetu wengi wanaishi Barking, Ilford na East Ham, na vituo vya baiskeli hizi huko havifiki. Kwa upande wa mashariki vinaishia Stratford, kwenye bustani ya Olimpiki. Kwa hivyo itawabidi kwanza wapande treni hadi Stratford au Whitechapel. Katika mitaa kadhaa yako makampuni mengine yenye baiskeli za umeme zisizo na vituo, ambazo mtu huzifungua kwa simu na kuziacha popote panaporuhusiwa. Zina wepesi wake, lakini ndizo hizo tunazoziona zimelala katikati ya njia, hata kipofu akajikwaa na mama mwenye gari la mtoto akashuka barabarani. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Basi hali yake yukoje anayeuweka?

Hapa ndipo tunaporejea kwa fundi wetu wa chini ya mwembe. Yeye alitujua, na mashine haitujui. Inaijua kadi tu. Mpango wenye mashine bora kabisa unaweza kufa pale watu wanaposema moyoni mwao kwamba mali ya wote si mali ya mtu. Mjini Paris, miaka miwili tu baada ya kuanza, maelfu ya baiskeli yalikuwa yameibwa au kuvunjwa. Manchester ilipata kampuni ya baiskeli zisizo na vituo mwezi wa Juni 2017, nayo ikafungasha na kuondoka mwezi wa Septemba 2018 kwa sababu ya wizi na uharibifu. Mji huo ulianza upya mwezi wa Novemba 2021 kwa baiskeli za manjano zenye vituo. Cardiff, mji wenye Waislamu wa pwani za Afrika na Uarabuni tangu enzi za meli za makaa, uliufunga mpango wake mwezi wa Januari 2024 kwa sababu hizo hizo. Aliyeumia si kampuni peke yake. Ameumia mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyekuwa akirudi kwake kwa nauli ndogo wakati mabasi yamekwisha.

Sisi tulilelewa na kitu kinachofanana na hiki. Kila msikiti kwetu ulikuwa na birika la maji na kata yake. Kata ile haikufungwa kwa mnyororo na haikuwa na mlinzi. Aliyemaliza kutawadha aliiacha mahali ambapo anayefuata angeiona. Hatukufundishwa hilo kwa hotuba. Tuliwaona wazee wakifanya, nasi tukafanya. Qur'ani imetuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na mwenyewe wa baiskeli hii ni huyo atakayekuja baada yako, usiyemjua jina wala dini. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawakuiona kata ya birika. Lakini wanaweza kumwona mzazi akirudi hatua kumi kuhakikisha taa ya kijani, au akiinyanyua baiskeli ya mtu mwingine iliyolala njiani, na wakayapata mafunzo yale yale.

Wala jambo hili haliko London tu. Wasomaji wetu walioko Dubai wanazo baiskeli za namna hii, na mji wa Kigali ulizianza mwaka 2021. Huenda siku moja zikafika na kwetu pwani. Zikifika, tunaomba zisikute watu waliosahau kata.

Atakayetaka kutoka nasi Jumapili ijayo ya mwezi wa kiangazi, aje na kadi yake, maji ya kunywa na koti la mvua, maana hali ya hewa ya hapa haina ahadi. Mama yetu wa Wete amekwisha jiandikisha, na amesema safari hii ataanzia Whitechapel.